Granada kwa Akiba Ndogo: Jinsi Nilivyokwenda Kusoma Kihispania, na Wewe Ufanyeje

Nilitua Uhispania tarehe 14 Januari, nikaondoka tarehe 29 Juni. Kazi yangu ni kuongoza watalii, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nawapokea Wahispania kwa maneno arobaini niliyoyaokota kwao wenyewe. Salamu nilizijua, bei nilizijua, lakini mgeni akiuliza swali la tatu nilikuwa nakwama. Nikaweka akiba miaka miwili. Kwa hiyo haya ni maelekezo ya mtu mwenye fedha inayotosha, lakini isiyo na nafasi ya kosa kubwa.

Nianze na jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema: unapochagua mji, unachagua muda. Chumba Madrid au Barcelona kinakula karibu mara mbili ya chumba Granada, na fedha ikiisha unarudi nyumbani, umejua lugha au hujajua. Mimi mdomo wangu ulifunguka mwezi wa tatu. Kabla ya hapo nilikuwa nasikia, naelewa nusu, najibu kwa neno mojamoja. Ningekwenda mji wa ghali kwa wiki nane, ningerudi nikiwa ndiyo kwanza nimefika mlangoni.

Granada iko kusini, Andalucía, chini ya milima ya Sierra Nevada ambayo kilele chake, Mulhacén, kina mita 3,479. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1531, na wanafunzi ni wengi kiasi kwamba mji wote umezoea mfuko wa mwanafunzi: vyumba vya kushiriki, chakula cha mchana cha bei moja, na baa ambazo ukiagiza kinywaji unaletewa kisahani cha chakula bila kuongeza senti. Ipo miji mingine ya kufikiria. Salamanca, ambako chuo kikuu ni cha mwaka 1218, ina matamshi yanayosikika wazi zaidi kwa mwanafunzi mpya. Jaén na Murcia zina wageni wachache, kwa hiyo Kiingereza hakikufuati. Mimi nilivutwa na Granada kwa sababu ya historia yake, na nitaifikia huko mbele, maana inahusu lugha yetu pia.

Visa: zihesabu siku zako vizuri

Kozi isiyozidi siku 90 huombewa visa ya muda mfupi ya Schengen, visa moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Ikizidi hapo unaomba visa ya masomo ya muda mrefu. Lakini ndani ya hiyo ya pili kuna mpaka mwingine ambao wengi hawauoni hadi wameshalipa: siku 180. Ukiuvuka, unadaiwa cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa na cheti cha daktari, vyote vimehalalishwa na kutafsiriwa, na ukishafika Uhispania una mwezi mmoja wa kuomba kadi ya mgeni iitwayo TIE. Hiyo ina miadi yake, ada yake, alama za vidole, na kusubiri. Ukibaki chini ya siku 180, visa iliyobandikwa kwenye pasipoti inakutosha hadi mwisho. Kozi yangu ilikuwa ya wiki 20. Nilihesabu siku kwenye kalenda, kuanzia siku ya kutua hadi siku ya kuondoka, zikawa 167, nikaomba hivyo. Kama lengo lako ni kufika kiwango cha kuzungumza na kurudi kazini, fikiria sana kubaki upande huu wa mpaka.

Ubalozi utataka kuona fedha. Kipimo chao kinaitwa IPREM, na tangu 2023 ni euro 600 kwa mwezi. Miezi sita, basi, ni euro 3,600, mbali na ada ya shule. Kama umelipia makazi yote mapema, kiasi hicho kinaweza kupunguzwa, ila nitakueleza baadaye kwa nini mimi sikufanya hivyo. Fedha ikae kwenye akaunti yako miezi kadhaa na mwendo wake uonekane. Fungu kubwa lililoingia juzi kutoka kwa mjomba linahitaji barua ya mjomba na karatasi za akaunti yake pia.

Bima ya afya ndiyo iliyonichelewesha. Nilinunua bima ya safari, nikaambiwa haifai. Wanataka bima ya kampuni inayoruhusiwa kufanya kazi Uhispania, inayogharimia matibabu kama mkazi wa huko, bila wewe kuchangia kila unapomwona daktari. Kwa Kihispania utaiona imeandikwa *sin copagos*. Nunua hiyo moja kwa moja, na hakikisha tarehe zake zinafunika safari yote, hata siku mbili za kabla ya kozi.

Anza mchakato miezi mitatu hadi minne kabla. Na usiweke hesabu ya kufanya kazi huko ili ujilipie shule. Visa ya kozi ya lugha si visa ya kazi. Anayekwenda kwa matumaini hayo anaishia kuosha vyombo kwa kujificha huku darasa likimpita.

Shule

Kwa visa unahitaji kozi ya ana kwa ana ya saa 20 kwa wiki. Chaguo la kwanza ni Centro de Lenguas Modernas, kituo cha lugha cha Chuo Kikuu cha Granada, kilicho mtaa wa Realejo. Chaguo la pili ni shule binafsi, ambazo ni nyingi. Angalia kama shule imethibitishwa na Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Uhispania inayosimamia ufundishaji wa lugha yao kwa wageni. Mimi nilikwenda shule binafsi nikalipa euro 2,300 kwa wiki 20. Bei ya wiki moja wanayotangaza si bei ya mtu anayekaa miezi mitano. Uliza bei ya muda mrefu, na waandikie shule tatu kwa wakati mmoja.

Ipo pia Escuela Oficial de Idiomas, shule ya lugha ya umma. Ada yake ya mwaka mzima ni ndogo mno, lakini masomo ni saa chache kwa wiki na kujiandikisha kuna msimu wake, kwa hiyo haikupi visa. Inamfaa aliyekwishaingia nchini kwa sababu nyingine.

Swali la kuuliza kabla hujatuma hata senti: nikinyimwa visa, mnanirudishia kiasi gani, na kwa muda gani? Uliza kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi. Shule ya kwanza niliyoiandikia ilizungukazunguka kwenye swali hilo, nikaiacha. Ya pili ilijibu kwa mistari miwili iliyo wazi.

Siku ya kwanza watakupa mtihani wa kukupanga. Ufanye kwa uaminifu, bila kubahatisha majibu. Darasa lililo juu yako linakufunza kunyamaza.

Chumba, na hapa usifanye haraka

Usilipie chumba ambacho hujasimama ndani yake. Nimeona wanafunzi wawili wa darasa langu wametuma amana kwa mtu mwenye picha nzuri na barua nzuri, wakafika kwenye anwani ambayo hakuna aliyewafahamu. Kata hosteli ya siku kumi, kisha utafute kwa miguu.

Kwa bahati, Januari ni mwezi mzuri. Wengi hutafuta vyumba Septemba, mwaka wa masomo unapoanza, na wakati huo mwenye nyumba ndiye anayechagua. Muhula wa pili unapokaribia, wageni waliokuja kwa muhula mmoja wanaondoka, na vyumba vyao vinabaki wazi. Utaona karatasi zimebandikwa kwenye mbao za matangazo za vitivo na kwenye nguzo za taa: *Se alquila habitación*, na chini vipande vya namba za simu vya kuchana. Nilichana kumi na viwili, nikapiga simu tisa, nikaona vyumba vitano. Hizo simu tisa zilikuwa somo gumu kuliko lolote la darasani mwezi ule, na ndiyo sababu nyingine sikutaka kulipia makazi mapema.

Albaicín, mtaa wa zamani mlimani, ni mzuri wa kukutoa machozi, lakini ni ngazi na mawe ya mviringo, na mizigo yako utaipandisha mwenyewe. Realejo ni pazuri na karibu na kila kitu, bei juu kidogo. Mtaa wa Pedro Antonio de Alarcón na kandokando ya Camino de Ronda wamejaa wanafunzi. Usiku utasikia kila wimbo wanaouimba. Mimi nilikaa Zaidín, upande wa pili wa mto Genil. Ni mtaa wa familia na wazee, maghorofa ya kawaida, wauza matunda, wauza samaki, mafundi viatu. Watalii hawana sababu ya kufika huko, na hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Nilitembea dakika 25 kwenda shule.

Ukifika kuona chumba, uliza haya. Gharama za maji, umeme na intaneti zimo ndani (*gastos incluidos*) au ni nje? Chumba kina dirisha la barabarani (*exterior*) au la kwenye kishimo cha ndani cha jengo (*interior*)? Kuna kipasha joto cha jengo zima, au kila mtu na cha kwake? Usilichukulie hilo la mwisho kuwa dogo. Granada iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari; usiku wa Januari baridi hushuka hadi karibu na sifuri, na nyumba zao zimejengwa kupambana na joto la Julai: sakafu ya vigae, kuta zisizohifadhi moto. Wiki ya kwanza nililala na koti. Nyumba nyingi za zamani zina meza ya duara yenye kitambaa kizito hadi chini, na ndani ya meza kuna kipasha joto, *brasero*. Mnakaa mmefunika miguu, mnakula, mnasoma, mnaongea. Nikikuambia kwamba Kihispania changu kilizaliwa chini ya kitambaa kile, nasema kweli tupu, maana hakuna aliyetaka kuinuka kurudi chumbani kwake kwenye baridi.

Swali muhimu kuliko yote ni hili: wanaokaa humu wanazungumza lugha gani wakiwa jikoni? Niliacha chumba kizuri zaidi, cha euro 250, kwa sababu wote wanne walikuwa wageni waliokuwa wakizungumza Kiingereza. Nikachukua cha euro 260, chenye nafasi ndogo zaidi, pamoja na wasichana wawili wanafunzi, mmoja wa Jaén na mwingine wa Almería. Amana, *fianza*, kisheria ni ya mwezi mmoja. Dai mkataba ulioandikwa, na piga picha kila kona ya chumba siku ya kuingia, hata alama za ukutani.

Maji ya kuoga kwetu yalipashwa kwa mtungi wa gesi wa rangi ya chungwa. Jua mapema nani katika nyumba anaununua na zamu zinakwendaje, maana unaisha ukiwa na povu kichwani.

Fedha ya mwezi

Chumba euro 260, maji na umeme na intaneti karibu 40 wakati wa baridi, chakula 170, simu 10, basi na metro si zaidi ya 15 kwa sababu nilitembea, na kutoka nje 60. Jumla haikufika 560. Sikujinyima, lakini nilipika. Dengu, njegere, wali, mayai, mboga za msimu na mafuta ya zeituni ndiyo chakula cha wanafunzi wote. Asubuhi, mkate wa kuokwa wenye nyanya ya kusagwa na mafuta (*media tostada con tomate*) pamoja na kahawa, ukiagiza kwenye kaunta ya baa ya mtaani, ni kama euro 3, na unapata nusu saa ya kusikiliza wazee wakibishana kuhusu mpira.

Kama wewe ni Mwislamu kama mimi, visahani vya bure visikuogopeshe. Agiza *mosto*, maji ya zabibu yasiyo na kilevi. Nayo huja na chakula. Sema mapema, kabla sahani haijatoka jikoni: *sin cerdo, por favor, ni jamón*. Kuna wanaodhani *jamón* si nyama ya nguruwe kwa sababu ina jina lake, ndiyo maana unayataja yote mawili. Msikiti mkuu uko Albaicín, jirani na uwanja wa San Nicolás, ulifunguliwa mwaka 2003, na bustani yake inatazama Alhambra, ngome na majumba ya wafalme Waislamu wa zamani, ng'ambo ya bonde.

Saa zao ni tofauti. Chakula cha mchana ni saa nane au saa tisa, maduka mengi ya mtaani hufungwa kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni, na chakula cha usiku ni saa tatu au nne usiku. Usipigane nazo. Ukila saa sita mchana utakula peke yako, na umekwenda huko kutafuta watu.

Kiswahili chako ni mtaji

Sehemu hii hakuna mwalimu wa Granada atakayekufundisha, kwa sababu hajui unatoka na nini. Wanafunzi wenzangu waliotoka kwenye Kiingereza walihangaika wiki nzima na vokali. Sisi vokali zetu tano ni zao: a, e, i, o, u, zisizobadilika popote zinapokaa. Ñ ni *ny* ya nyanya. Z ya Kihispania cha kaskazini ni *th* ya thelathini. J ni *kh* ya wale wanaotamka kheri kwa koo. H hawaitamki kabisa. Kazi iko kwenye r: *pero* ni lakini, *perro* ni mbwa, na tofauti ni kuitetemesha ulimi. Kama lugha yako ya nyumbani inachanganya r na l, tenga dakika kumi kila siku kwa hilo peke yake.

Sarufi nayo. Mwalimu wetu alitumia siku tatu kueleza tofauti ya *ser* na *estar*, vitenzi viwili ambavyo Kiingereza huviita kimoja. Mimi nilikaa nikijiuliza shida iko wapi. Mimi *ni* muongozaji: *soy*. Mimi *niko* nyumbani: *estoy*. Kiswahili kimeshakutenganishia. Mpaka hauendi sawasawa kila mahali, kwa mfano sherehe inapofanyika nyumbani kwako husemwa kwa *ser*, lakini robo tatu ya njia umeshaitembea.

Ngeli zetu ni nyingi. Wao wana mbili tu, ya kiume na ya kike, na upatanisho unafuata jina kama ulivyozoea: kitabu chekundu, vitabu vyekundu. *Libro rojo, libros rojos*. Nafsi wanaiweka ndani ya kitenzi kama sisi, hakuna haja ya kusema *yo* kila mara. Mtendwa hutangulia kitenzi: *lo veo*, ninamwona. *He comido* ni nimekula, *comí* ni nilikula, *comía* ni nilikuwa nikila. Na ile hali ya kitenzi ambayo huwaliza wanafunzi wa kiwango cha kati, *subjuntivo*, tazama ilivyo: anasema, nataka aseme, *habla, quiero que hable*. Kiishio -a kinageuka -e kwetu, na kwa vitenzi vyao vya -ar kinageuka vilevile. Usiseme, *no hables*. Siku nilipoiona hiyo ubaoni niliinua mkono, nikaeleza kwa Kihispania changu kibovu, na mwalimu akaniomba nije mbele niandike.

Kisha maneno. Granada ilikuwa dola ya mwisho ya Waislamu katika Uhispania, ikaanguka tarehe 2 Januari 1492, na Kiarabu kilichobaki kwenye Kihispania ni kilekile kilichofika kwetu kwa bahari. *Fulano* ni fulani. *Azúcar* ni sukari. *Aceituna*, zeituni. *Azafrán*, zafarani. *Cero* na *cifra* zote ni ndugu wa sifuri. *Hasta* inatoka mahali pamoja na hata. *Rehén*, mateka, ni rehani yetu: mtu aliyewekwa dhamana. *Tarifa*, orodha ya bei, na taarifa ni mtoto wa baba mmoja. *Alcalde*, meya wa mji, alikuwa kadhi. Nilianza daftari la maneno haya wiki ya pili, likafika kurasa sita. Na ukipanda Alhambra utaona ukutani, mara nyingi usizoweza kuhesabu, *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Tiketi ya majumba ya ndani ikate wiki kadhaa kabla. Sehemu ya Lango la Haki na Kasri la Carlos V unaingia bila tiketi, na mimi nilikuwa nakwenda huko kusoma kadi zangu za maneno.

Mtaani

Darasani utasikia *más o menos*. Mtaani utasikia *ma o meno*. Watu wa Granada humeza s ya mwisho na kufungua vokali iliyobaki, *pescado* ni *pescao*, mji wenyewe ni *Graná*. Wiki tatu za mwanzo unaweza kudhani umefundishwa lugha nyingine. Usilie na usihame. Sikio likishazoea Granada, Mhispania wa kutoka popote pengine utamsikia kama anakusomea taratibu. Na kuna faida yetu hapo: wengi wetu tunashindwa konsonanti mwishoni mwa neno, tunasema *ciudadi*. Wao wanasema *ciudá*.

Wana kiishio cha kupunguza, *-ico*, chenye mapenzi ndani yake. Muuza matunda wa Zaidín aliniita *bonica* tangu siku ya pili. Lakini wengine watakujibu kwa mkato, uso haucheki, hata kama hujawakosea. Wenyewe wanalijua na wana neno lake, *malafollá*, na hulisema kama sifa ya mji. Usilibebe moyoni.

Mbinu iliyonisaidia kuliko zote ni kurudi kaunta ileile. Duka moja la matunda, baa moja ya kahawa, duka moja la mkate, kila siku, hata kama la pili lina bei nafuu kwa senti kumi. Ukiingia dukani usitafute foleni kwa macho. Uliza kwa sauti, *¿la última?*, wa mwisho ni nani, na mtu atainua mkono. Sasa umeshaongea na duka zima. Siku ya tano watakuuliza unatoka wapi. Wiki ya tatu watakuuliza mama yako anaendeleaje. Bibi wa ghorofa ya pili, ambaye nilimbebea mifuko mara moja kwenye ngazi, alinifundisha majina ya kunde zote, na akanisahihisha bila huruma, kila kosa, kila mara. Walimu wana adabu ya kukuacha umalize sentensi mbovu. Yeye alinikata kati, akasubiri niiseme upya. Mtafute mtu wa namna hiyo na umheshimu.

Mikutano ya kubadilishana lugha, *intercambio*, ipo kwenye baa karibu kila usiku wa wiki. Wanakuja kutafuta Kiingereza. Wewe una Kiingereza, basi una kitu cha kubadilisha, ila wekeni saa mezani: nusu saa yao, nusu saa yako. Bila saa, Kiingereza hushinda. Jumapili, nenda na kundi la kutembea Los Cahorros, korongo la Monachil lenye madaraja ya kamba. Watu wanaotembea hawaogopi ukimya, na sentensi zako zinapata muda wa kujipanga. Siku ya mvua kuna Biblioteca de Andalucía: joto, meza kubwa, bure.

Mtihani na kuondoka

Amua mapema unataka cheti gani. DELE, cha Instituto Cervantes, ni cha kiwango kimoja unachokichagua, kuanzia A1, cha chini kabisa, hadi C2, cha juu kabisa, na hakiishi muda wake. Majibu huchukua miezi kadhaa. SIELE hufanywa kwa kompyuta, kinapima kiwango ulichonacho, majibu ni ya haraka, lakini kinadumu miaka 5. Kazini kwangu walitaka cha kudumu, nikafanya DELE ya B1 mwezi Mei, nikafaulu. Mwalimu alinishawishi nijaribu B2. Nilikataa, kwa sababu kuandika kwangu kulikuwa nyuma ya kuongea kwangu, na ukianguka sehemu moja unapoteza ada yote. Jiandikishe mapema, kwa kuwa dirisha la kujiandikisha hufungwa wiki nyingi kabla ya siku yenyewe.

Mpe mwenye nyumba taarifa ya kuondoka mwezi mmoja kabla, kwa maandishi. Siku ya mwisho soma mita pamoja naye, toa zile picha za siku ya kuingia, na upokee amana yako mkononi kabla hujarudisha funguo. Mimi nilihesabiwa euro 260 mezani, juu ya kile kitambaa cha *brasero* ambacho tangu Aprili kilikuwa kimekunjwa nusu kwa ajili ya joto. Basi linalokwenda moja kwa moja uwanja wa ndege wa Málaga likatie tiketi siku kadhaa kabla, maana mwisho wa Juni wanafunzi wote wanaondoka na masanduku yao siku zilezile.